Mhariri, tumuulize na aliyemshikia maiki

Mhariri,

Salaam. Gazeti lenu la wiki iliyopita bado liko mezani kwangu, nimeshindwa kulitupa na nimeshindwa kulisoma mara ya pili. Ni lile ambalo ukurasa wa mbele mmeweka maneno ya yule mchambuzi wa siasa dhidi ya kundi fulani la raia, mnamjua na wasomaji wanamjua, kwa herufi kubwa kupita hata jina la gazeti lenyewe, alafu mkayawekea alama za kunukuu mwanzo na mwisho, vile vimkia vidogo ambavyo nahisi hapo chumba cha habari ndivyo vinavyowapa watu usingizi, kwamba sisi hatujasema kitu, kasema yeye, sisi tumeripoti tu. Ukurasa wa kumi na moja, aya ya mwisho kabisa, ndio mkaandika kwamba madai hayo hayajathibitishwa. Nauliza kwa heshima zote, ni wasomaji wangapi walifika hiyo aya? Na yule aliyepita tu akatupia jicho ukurasa wa mbele akaenda zake, ameondoka na nini kichwani?

Sitamtaja jina huyo bwana na sitarudia alichosema. Simuogopi, ila kila anayelirudia jina lake anamfanyia kazi bure, na yeye hicho ndicho anachotafuta, vijana wanaita kiki. Barua hii hata simuandikii yeye, nakuandikia wewe.

Nayasema haya nikiwa naujua upande wa pili wa kioo. Nilifanya kazi redioni miaka tisa, sikuwa mtangazaji, nilikuwa prodyusa, yule anayekaa nje ya studio amevaa hedifoni anapanga nani aongee na nani, saa ngapi, dakika ngapi. Kituo sitakitaja. Tulikuwa na kipindi cha asubuhi cha siasa na tulikuwa na mgeni wa namna hii hii, kila akija taa za simu zinawaka zote kwa mpigo, na wewe kama prodyusa ukiona taa zimewaka zote unajisikia umefanya kazi. Asubuhi moja akaanza kuongelea kundi fulani la watu, sio viongozi wala chama, watu tu wa kawaida wanaolea watoto wao, akasema maneno ambayo nilipoyasikia mkono wangu ulienda wenyewe kwenye kitufe cha kumkata, nikainua macho, bosi alikuwa amesimama upande ule wa kioo ananionyesha dole gumba. Sikukata. Jamaa aliendelea dakika nane nzima. Tulipoenda kwenye matangazo akavua hedifoni, akashusha pumzi, sauti imerudi ya kawaida kabisa, ya upole, akaniuliza, "Vipi, imekaa vizuri?"

Hiyo "imekaa vizuri" sijawahi kuisahau. Kumbe zile hasira zote hakuwa nazo yeye, alikuwa anazitengeneza za kwetu.

Kipindi kilipoisha ikaingia simu moja nje ya hewa. Mama mmoja. Hakutaka kuwekwa hewani, alisema anaogopa sauti yake itajulikana. Aliniuliza kitu kimoja tu, kesho mwanangu anaenda shule kukaa dawati moja na watoto ambao wazazi wao wamekisikiliza kipindi chenu asubuhi hii, nimwambie nini? Mimi nikamjibu kama tulivyofundishwa, asante kwa kutusikiliza mama, maoni yako tumeyapokea, unaweza kupiga wiki ijayo ukachangia. Akakaa kimya kidogo akakata. Wiki iliyofuata mgeni wetu alirudi na taa zikawaka zote tena, na simu ya yule mama sikuiona.

Sasa tangu ukurasa wenu ule nimesikia watu wakibishana tufanye nini, na ushauri ni ule ule wa siku zote. Wengine wanasema mjibuni, msimuachie uwanja, wengine wanasema mpuuzeni atachoka mwenyewe. Nimewahi kuamini yote mawili kwa nyakati tofauti, na yote mawili yana kasoro moja, yanamwangalia yeye tu kana kwamba alijileta mwenyewe masikioni mwetu. Mtu anayepiga kelele chumbani kwake peke yake sio tatizo la taifa. Kuna aliyemfungulia mlango, akampa maiki, na akamlipia muda, na hao watu wana majina na ofisi na namba za simu, na tofauti na yeye hao bado wanajali heshima yao. Ndio maana nasema tuanzie kwao.

Na sio kitu cha kukisia, historia ipo. Watu wengi wakisikia RTLM ya Rwanda wanafikiria redio iliyoanza siku ya kwanza kwa kusema ueni. Haikuwa hivyo. Ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na watu waliipenda kwasababu ilikuwa changamfu, muziki mzuri, utani, wasikilizaji wanapiga simu, watangazaji wanaongea kama vijana wa mtaani wakati redio ya serikali ilikuwa kavu. Chuki iliingia humo humo katikati ya nyimbo na vicheko, na neno la kuwaita binadamu mende likazoeleka kwanza kama utani kabla halijawa amri. Mpaka inafika Aprili 1994, mauaji ya kimbari yanaanza, masikio yalikuwa yameshatayarishwa. Kinachonigusa mimi kama mtu wa mitambo ni kilichokuja kutokea Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Desemba 2003 mahakama ile iliwatia hatiani watu watatu kwenye ile kesi ya vyombo vya habari, na hakuna kati yao aliyekuwa mtangazaji wa kila siku. Ferdinand Nahimana alikuwa mwanahistoria, mwanzilishi wa kituo, Jean-Bosco Barayagwiza alikuwa mwanasheria na mwanzilishi mwenzake, na Hassan Ngeze alikuwa mhariri wa Kangura, gazeti la kueneza chuki. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, Nahimana akabaki na miaka 30, na sababu iliyombakiza ndani naomba uisome taratibu Mhariri, ni kwamba alikuwa na uwezo wa kuyazuia yale matangazo na hakuyazuia. Hakushika maiki. Alikuwa na kitufe kama nilichokuwa nacho mimi.

Sisemi gazeti lenu ni Kangura. Sisemi kabisa, na ningekuwa naamini hivyo nisingeandika barua, ningeacha kulinunua. Nasema kitufe kipo hapo kwako.

Alafu kuna ule mfano wa Marekani ambao naona unafanana zaidi na yanayotupata kwenye siku za kawaida, ambapo hakuna anayeuawa wiki hii lakini watu wanachafuliwa maisha. Februari 1950 seneta Joseph McCarthy alisimama kwenye hotuba huko West Virginia akasema ana orodha ya wakomunisti 205 waliojipenyeza wizara ya mambo ya nje. Siku chache baadaye orodha ikawa ya watu 57. Namba zinabadilika, orodha yenyewe haonyeshi, na magazeti yanaendelea kuandika kila anachosema, kwanini? Kwasababu seneta kasema, na seneta akisema ni habari. Waandishi wengi walijua hana kitu mkononi, ila kanuni ya kuripoti bila upande iliwafunga mikono, au niseme waliitumia kujificha. Tuhuma ilikuwa inatoka leo kwa herufi kubwa, jibu la mtuhumiwa linatoka kesho ndani kwa herufi ndogo, na kesho hiyo hiyo McCarthy ameshatoa tuhuma nyingine. Hamuoni inavyofanana na ule ukurasa wenu wa kumi na moja?

Na alivyoangushwa ndio somo lenyewe, hakuangushwa na mtu mmoja shujaa kama tunavyopenda kuhadithiana. Wa mapema kusimama ndani ya Seneti alikuwa wa chama chake mwenyewe, seneta Margaret Chase Smith wa Maine, Juni 1950, na waliokubali kuweka majina yao pamoja naye walikuwa maseneta sita tu. Ilichukua karibu miaka minne mingine. Machi 1954 Edward R. Murrow, mtangazaji wa kituo cha televisheni cha CBS, akafanya kipindi ambacho sehemu kubwa ilikuwa ni McCarthy mwenyewe anaongea, picha zake na sauti yake, na baada ya kila kipande Murrow anaweka ukweli pembeni yake hapo hapo, sio mwisho wa kipindi. Kituo chake hakikutaka hata kukitangaza kile kipindi, Murrow na mwenzake Fred Friendly walitoa hela zao mfukoni kulipia tangazo gazetini. Kisha vikaja vikao vya Seneti vya kuchunguza mvutano wa jeshi na McCarthy vilivyorushwa laivu, watu wakamwona kwa saa nyingi jinsi anavyowafanyia wenzake, na Desemba 1954 Seneti ikamkemea rasmi kwa kura 67 kwa 22. Kwa hiyo ilihitaji mtu wa upande wake, mtangazaji aliyekubali kujitwisha mzigo, na wakubwa waliokubali hatimaye kupiga kura. Makelele ya wapinzani wake peke yake yalikuwepo miaka yote hiyo na hayakumtikisa, yalimnenepesha.

Hilo la mtu wa upande wake naomba nilikazie maana tunalipuuza sana. Mchochezi wa kundi A akitukana kundi B, kundi B wakijibu, kundi A wanasikia maadui wanalia na wanazidi kumpenda. Akijibu mtu wa kundi A ndio mambo yanakwama. Sasa angalia vyombo vya habari wanachofanya, mgeni akichochea wanamtafuta mtu wa kundi B mwenye hasira kuliko wote waje wapambane studio, maana ndio raha ya kipindi. Nimepanga mapambano hayo kwa mikono yangu nadhani mara mia, tunaita kusikiliza pande mbili, na niseme ukweli wangu, sikumbuki hata mara moja msikilizaji akabadili mawazo. Pande mbili ni kitu kizuri kama tunajadili kodi au katiba au nani kaiba kura. Lakini kama hoja ni kwamba kundi fulani la raia lifukuzwe au lisihesabiwe kuwa watu, unamleta nani wa upande wa pili? Unamwambia mwanamke wa watu aje studio saa mbili asubuhi athibitishe kwamba yeye ni binadamu, dakika kumi, tukitoka kwenye matangazo?

Tuje kwenye hela, maana huko ndiko mambo yanapoeleweka. Mwaka 2016 wakati kampeni za Marekani zimechafuka, mkuu wa CBS Leslie Moonves aliwaambia wawekezaji kwamba hali ile huenda sio nzuri kwa Marekani lakini kwa CBS ni nzuri mno. Alikuwa anaongelea hela za matangazo na alisema mbele za watu bila kuona aibu. Kisha Fox News baada ya uchaguzi wa Novemba 2020, kituo kilirusha madai kwamba mashine za kupigia kura za kampuni ya Dominion ziliiba kura, kampuni ikashtaki, na nyaraka zilipofunguliwa zikakutwa meseji za watangazaji wakubwa na mabosi wao wakiambizana kwamba madai hayo ni upuuzi. Walijua. Ila waliogopa watazamaji watahamia kituo kingine. Aprili 2023 Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5 kesi ikaisha kabla ya kusikilizwa. Naomba mtu asinielewe vibaya, sifurahii kampuni kupoteza hela, nachotaka tuone ni kwamba uongo ule haukutoka kwa vichaa, ulitoka kwa watu wenye akili timamu waliopiga hesabu ya hasara na faida, na mtu aliyepiga hesabu anaweza kuipiga upya ukimbadilishia namba.

Ndio maana msikilizaji mmoja mmoja ana nguvu kuliko anavyodhani, ila sio kwenye komenti. Ukiandika, andika kwa mdhamini. Barua fupi, ya heshima, bila tusi, taja tarehe na saa ya kipindi, taja sentensi yenyewe iliyosemwa, uliza swali moja, je kampuni yenu inajua kwamba tangazo lenu lilipita dakika mbili baada ya maneno haya? Nimekaa kwenye vikao ambavyo barua nne za namna hiyo zilisomwa mbele ya mkurugenzi, nne tu, na zilileta jasho kuliko simu mia tano za matusi, maana simu za matusi mtu wa masoko anazihesabu kama mafanikio. Mwaka 2009 mtangazaji Glenn Beck wa Fox alisema kitu kuhusu rais Obama kuwachukia wazungu, wanaharakati wakawaandikia watangaza biashara mmoja mmoja, kampuni kwa kampuni zikahama kwenye kipindi chake, na kufikia katikati ya 2011 kipindi kikaondoka wakati bado alikuwa na watazamaji wengi. Sio dawa ya kila mara, mtangazaji wa redio Rush Limbaugh alikimbiwa na wadhamini kibao 2012 baada ya kumtukana mwanafunzi wa sheria na aliendelea hewani mpaka alipofariki 2021, na wengine siku hizi hawategemei wadhamini kabisa wanauza bidhaa zao wenyewe, Alex Jones, mtangazaji wa mtandaoni wa Marekani, alikuwa anauza virutubisho. Huyo ilibidi kumfuata mahakamani, wazazi wa watoto waliouawa shule ya Sandy Hook 2012 ambao yeye aliwaambia mamilioni ya watu kwamba ni waigizaji na watoto hawakufa, walikaa miaka wakitukanwa na kutishiwa na wasikilizaji wake. Agosti 2022 akiwa kizimbani akakiri kwamba mauaji yale yalikuwa ya kweli asilimia mia. Karibu miaka kumi baada ya mazishi. Kesi zile zilimhukumu kulipa zaidi ya dola bilioni moja, ila mimi nikifikiria ile miaka kumi sioni hela inayoifidia.

Sasa kuhusu kujibu na kutojibu, maana najua wasomaji watauliza. Mdogo wangu wa kuzaliwa, kijana mwenye akili zake, aliiona klipu ya huyu bwana wenu akaipiga kwenye magrupu matatu ya ukoo na maneno "oneni huyu mjinga". Nia nzuri. Ndani ya saa moja baba yetu mdogo akaandika, "lakini kuna kitu anasema". Watu waliokuwa hawamjui wakamjua kupitia kwetu, na mtandao hauna habari kama umeangalia kwa hasira au kwa mapenzi, unahesabu tu kwamba umeangalia mpaka mwisho ukashea, unamleta kwa mwingine. Na kuna jambo wanasaikolojia walilipima zamani, 1977, wakawasomea wanafunzi sentensi mbali mbali kwa nyakati tatu tofauti, baadhi ya sentensi zikarudiwa, na zile zilizorudiwa zikaanza kuonekana za kweli zaidi, ziwe za kweli au za uongo. Tafiti nyingi baada ya hapo zimeona hivyo hivyo. Yani hata unapoandika "sio kweli kwamba fulani ni wezi" umeshaandika fulani ni wezi.

Kwa hiyo mimi naenda hivi. Kama maneno yake bado yako kwenye kijiwe chake na wafuasi wake wachache, naacha, sibebi moto wa mtu nikauleta kwangu. Kama yameshavuka yamefika kwa watu wa kawaida, kwenye gazeti kama lenu, hapo kunyamaza ni kumuacha anayetukanwa peke yake na hilo sikubali. Ila najibu kwa kuanza na ukweli wenyewe, sentensi ya kwanza ukweli, kisha nasema kuna uongo unazunguka bila kuurudia wote, namaliza na ukweli tena. Simjibu yeye, namjibu anayesoma pembeni. Na yule baba mdogo sikubishana naye kwenye grupu mbele ya watoto wake, nilimpigia. Tukaongea karibu saa nzima. Sikumtaja mchambuzi hata mara moja, nilimuuliza tu wewe baba umeona nini kwa macho yako, na ikatoka kwamba mwenzake kazini kapandishwa cheo yeye karukwa, na huyo mwenzake ni wa lile kundi. Kumbe ni hilo. Uchungu ule ulikuwa wa haki kabisa, mchambuzi ameukuta umelala akauchukua akaupa sura ya mtu wa kumchukia. Sidhani nilimgeuza siku ile, ila aliniambia basi sitaituma kwingine, na hajaituma.

Wapo wanaosema suluhisho ni serikali ifunge kituo, imkamate, yaishe. Hapa nitaomba tuwe waangalifu sana. Hili neno uchochezi lina historia chafu, wakoloni walituachia sheria za uchochezi ambazo walizitumia kuwafunga waandishi na wanasiasa waliokuwa wanadai uhuru, na serikali nyingi baada yao zilizikuta mezani zikaona zinafaa. Ukimpa mwenye dola panga la kukata ndimi, mchochezi anayempigia debe yeye hatamgusa, atakayekatwa ni mwandishi aliyeuliza hela zimeenda wapi. Kenya walitunga sheria ya utangamano 2008 baada ya damu ya uchaguzi wa 2007, ina kipengele cha matamshi ya chuki, wanasiasa wamefikishwa mahakamani tena na tena, na waliotiwa hatiani ni wachache. Sisemi sheria isiwepo. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966, ibara ya 20, unataka uchochezi wa chuki unaoelekea kwenye ubaguzi, uadui au ukatili upigwe marufuku, na Mpango wa Rabat wa 2012 ulio chini ya Umoja wa Mataifa unaeleza vitu sita vya kupima kabla hujamwita mtu mhalifu, mazingira yakoje, anayesema ni nani na ana ushawishi gani, alikusudia nini, alisema nini na kwa namna gani, yalifika mbali kiasi gani, na madhara yana uwezekano gani wa kutokea hivi karibuni. Ukivipitia hivyo sita kwa haki, utakuta maneno mengi yanayotukera ni ya kipumbavu au ya ukali tu na mtu ana haki ya kuyasema. Mimi mwenyewe naandika kwa ukali hapa. Anayesema waziri fulani ni mzigo kwa taifa sio mchochezi. Na vipimo hivyo hivyo hakuna anayekuzuia wewe Mhariri kuvitumia saa nne usiku kabla ukurasa haujaenda mtamboni, hauhitaji polisi.

Haki yake ya kusema haikulazimishi wewe kumpa ukurasa wa mbele. Hili linachanganywa makusudi kila siku. Mwaka 1938 padri Charles Coughlin, aliyekuwa anasikilizwa na mamilioni ya Wamarekani, alipotetea hewani yale waliyofanyiwa Wayahudi Ujerumani siku chache kabla, kituo cha WMCA cha New York kilisema hatumrushi tena kwasababu alichosema kina makosa ya ukweli. Wafuasi wake wakaja kuandamana nje ya kituo, maelfu. Kituo hakikumrudisha. Padri hakufungwa, aliendelea kusema kwingine, ila wenye kituo wale walikuwa wameamua kwamba mlango wao ni wao.

Sasa ninachoomba kwenu ni vitu vidogo. Mkimnukuu mtu wa namna hii, ukweli uingie kwenye kichwa cha habari chenyewe, kama madai hayana ushahidi hilo neno liwe kubwa kama madai. Mchapishe ni nani hapo kwenu aliyeamua ukurasa ule, sio kwa ajili ya kumwadhibu, kwa ajili ya sisi kujua wa kumuuliza. Mkitaka maoni ya pili msimtafute mwenye makelele zaidi, mtafuteni mtu wa upande wa huyo huyo mchambuzi asiyekubaliana naye, wapo, wanakaa kimya kwasababu hakuna anayewapigia simu. Na kabla hamjamuita tena yeye, waulizeni kwanza wale aliowasema. Muwaulize wanaishije tangu ukurasa ule utoke, watoto wao wameambiwa nini shuleni, na maelezo yao mwayaweke ukurasa wa mbele kwa herufi zile zile mlizompa yeye, hata kama siku hiyo gazeti halitauzika sana.

Simu ya yule mama niliipokea mimi na jibu nililompa lilikuwa la kipuuzi. Namba yake ilikuwa kwenye kitabu chetu cha simu zilizoingia, ningeweza kumpigia siku yoyote ya wiki ile, na sikupiga. Nyie namba za watu wa ukurasa ule bado mnazo.

Wako,
Msomaji wenu, prodyusa wa zamani wa redio